Mwezi wa Tisa Hatukuwa na Mazuti

Mwanangu Feza,

Sanduku lako nimelifunga kwa kamba, na ilibidi nilikalie kidogo ndipo kifuniko kikakubali. Habari za chakula cha njiani, za shangazi yako atakayekupokea Lubumbashi, za kutokunywa maji ya vituoni, tumekwisha kuzisema na umekwisha kuzichoka. Sitazirudia. Nimeandika mistari yangu ya leo katika kitabu changu cha kila siku, nikaona kwamba ninalotaka kukuambia haliingii humo. Ndiyo maana nimechukua karatasi hizi. Usizisome kwenye treni watu wakiwa wamekuegemea begani. Zisome usiku huu, kabla hujalala.

Juzi mjomba wako Asumani alituma neno kutoka Kampene. Lililetwa na yule mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, naye atapita tena kuchukua jibu. Mjomba wako anasema amechoka na mashimo ya dhahabu. Kifua kinamuuma, anataka kurudi Alunguli kudai kiwanja chake. Anauliza jambo moja tu: ile ramani yenye nyumba yake ingali ofisini? Bila hiyo hana la kumwonyesha mtu.

Nitamjibu. Lakini nimeona nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye unayekwenda kusomea ramani mbele ya mashini kama ile niliyoikalia mimi, na kwa sababu jana mezani uliniuliza, "Mama, mbona hufurahi? Si njo wewe ulitaka niende?" Nikakuambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma.

Umesikia nusu tu. Nyumba za Alunguli, ng'ambo ya mto, zilipovunjwa ulikuwa bwenini Kibombo, na uliporudi likizo ukakuta nyasi. Watu wengine wamekuambia ni serikali. Wengine, najua, wamekuambia ni mama yako. Wote hawakukosea sana.

Nilipoanza kazi katika ofisi ya viwanja, ramani ilikuwa karatasi. Tulichora juu ya karatasi inayopitisha mwanga, ile tunayoiita kalke: moja ya mto na vijito, moja ya barabara, moja ya nyumba na viwanja. Ukiyapanga matabaka hayo moja juu ya lingine, kwenye kioo chenye taa chini yake, unaona mji mzima. Kila tabaka lilikuwa na kona yake, chini upande wa kulia, na hapo tuliandika jina la mtu aliyekwenda kupima na siku aliyokwenda. Si siku ya kuchora. Ni siku ya kutembea. Kalke ikichakaa tuliichora upya, lakini ile siku ya kutembea tuliinakili vilevile, hata kama wino wenyewe ulikuwa wa asubuhi hiyo. Hakuna aliyetueleza sababu. Mimi niliona ni mazoea tu ya wazee wa ofisi, kama kupiga mihuri miwili mahali pa mmoja.

Halafu watu wa mradi, wazungu, wakaleta kompyuta moja, mashini ya kuchora yenye kalamu, na jenereta. Fundi wao alitufundisha kwa majuma machache, mimi na mwenzangu Kitenge, kisha akaenda zake. Matabaka yakawa faili ndani ya disketi. Kona hazikuwepo tena. Fundi alituambia kwamba mashini yenyewe inaandika tarehe kila mara unapohifadhi faili, tusijisumbue. Nikafurahi. Feza, nimeumizwa mara nyingi na watu walioniambia nisijisumbue, na kila mara nilianza kwa kufurahi.

Mashini ile haikuwa na kumbukumbu ya siku. Kila ilipowashwa iliuliza tarehe, kwa Kiingereza, na pembeni ya swali kulikuwa na herufi ndogo zinazoonyesha mpangilio inaoutaka: mwezi kwanza, halafu siku. Tuliziona herufi hizo kila asubuhi. Hatukuzisoma. Tuliandika kama tulivyofundishwa shule ya msingi, siku, mwezi, mwaka. Mwanzoni mwa mwezi mashini ilikubali. Tarehe kumi na tatu ilipofika ilikataa, maana haijui mwezi wa kumi na tatu. Kitenge alikuwa anabonyeza kitufe kikubwa na kuendelea bila tarehe.

"Mashini hii ni mufonksionere wa serikali kama sisi," alisema. "Mwanzo wa mwezi inakubali kila kitu. Katikati ya mwezi haitaki hata kusalimiwa."

"Kitenge, iandikie vizuri."

"Mama Feza, niliiandikia. Njo yenyewe inakataa. Iache ilale na njaa."

Unamjua Kitenge, anacheka kabla hujajua kama ni mzaha. Tulicheka naye miezi mingi. Faili za siku zilizokataliwa zilijiandika mwaka wa themanini, tarehe mosi Januari, na hizo tulizitambua upesi kwamba si kweli, tukaziweka pembeni. Zilizotuponza ni zile siku zilizokubaliwa. Ukiandika tarehe tisa ya mwezi wa nne, mashini inasoma tarehe nne ya mwezi wa tisa, inanyamaza, inafanya kazi. Tuliona makosa yaliyopiga kelele tu.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulikwenda kupima upande ule wa Alunguli. Tulivuka kwa mtumbwi na mkanda wa kupimia na dira, tukapita nyumba hadi nyumba. Mjomba wako aliacha kazi yake akashika ncha ya mkanda. Tulipomaliza nyumba yake aliniita, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, andika na choo. Nilikichimba miye mwenyewe, kisije kikapotea kwa serikali."

"Choo hakiandikwi, Asumani."

"Basi andika ndogo."

Nikakiandika, kidogo. Nyumba ile unaijua kuliko mimi. Baba yako alipofariki, ulilala humo hadi nilipopata chumba huku Kasuku. Nilirudi ofisini, nikaliingiza tabaka lile katika mashini tarehe tano ya mwezi wa saba. Kumbe mashini ikasoma tarehe saba ya mwezi wa tano.

Kulikuwa na tabaka lingine la nyumba za Alunguli, lenye jina lilelile, katika disketi nyingine. Hilo tulikuwa tumeliingiza mapema, tarehe tisa ya mwezi wa nne, kwa kunakili karatasi ya wakati wa Wabelgiji ili kujaribu mashini. Katika karatasi hiyo upande wote ule ni nyasi.

Disketi zikawa nyingi. Kila wiki Shefu wa ofisi aliuliza faili ipi ndiyo mpya, na kila wiki nilifungua moja moja kutazama. Nikaingia katika kitabu alichoacha fundi. Polepole, mstari kwa mstari, nikaandika orodha ya amri: mashini ipitie disketi zote, isome tarehe ya kila faili, izipange, na ya kila tabaka ichukue ile iliyobadilishwa mwisho. Nilihangaika nayo mwezi wa kumi wote. Siku ilipofanya kazi bila kukwama nilimtuma mtu anunue mikate kwa ofisi nzima. Shefu alinisifu mbele ya wote. "Sitwayeni, mwananchi wetu, sasa mashini inafikiri." Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyeshonewa nguo mpya.

Haukupita muda, ofisi ya Gavana ikataka ramani ya Alunguli. Mkubwa fulani wa chama alikuwa anakuja kutoka Kinshasa na ulihitajika uwanja wa gwaride, mahali pasipo na watu. Shefu akaniambia nichore. Nikaendesha amri zangu. Mashini ikaona tabaka moja la mwezi wa tano na jingine la mwezi wa tisa, ikachukua la mwezi wa tisa kama nilivyoiagiza. Kalamu ikachora. Ramani ilikuwa safi, mistari yake imenyooka, na mimi nilisimama pale nikitazama mistari. Sikuweka kidole mahali penye nyumba ya ndugu yangu. Hilo ndilo jambo ninalolirudia nikiwa napepeta mchele, nikiwa nasubiri maji yachemke. Ningetafuta nyumba moja tu ninayoijua.

Ramani ikatiwa sahihi. Baada ya siku chache Asumani akaja ofisini na vumbi hadi magotini. Hakukaa.

"Yaya, walikuja na karatasi yako."

"Karatasi gani?"

"Ya muji. Mukubwa wa lokaliti, wa mutaa wetu, ananionyesha, ananiambia, Asumani, hapa hakuna muntu. Nikamwambia, basi unasema na nani?"

"Akasemaje?"

"Akasema miye njo nimevamia. Nyumba yangu haiko."

Nilimpa kiti changu, nikafungua orodha ya tarehe. Tabaka la nyumba: mwezi wa tisa. Nikaitazama. Mwezi wa tisa hatukuwa na mazuti. Jenereta ililala mwezi mzima bila mafuta na Kitenge alikuwa anaweka sahani yake ya chakula juu ya mashini. Hakuna mtu aliyehifadhi faili mwezi ule, hata angetaka. Nikaanza kusoma tarehe nyingine, moja baada ya nyingine, nikizigeuza, siku mahali pa mwezi, mwezi mahali pa siku, na kila niliyoigeuza ilikaa mahali pake. Asumani aliniuliza, "Ni nini? Unatoka jasho." Nikamwambia aende nyumbani, nitashughulikia.

Nikachora ramani ya kweli, nikaingia nayo kwa Shefu kabla wino haujakauka.

"Shefu, tabaka lililotumika si lenyewe. Tarehe zimegeuka. Lile lisilo na nyumba ni la zamani."

Alizitazama zote mbili. Si mjinga yule mtu, alielewa upesi kuliko nilivyotegemea.

"Ile imekwisha kutiwa sahihi."

"Lakini si kweli, Shefu. Watu wako pale. Nilipita mwenyewe."

"Funga mlango, Sitwayeni." Nikafunga. "Unataka niende kwa Gavana nimwambie amesaini nyasi za Wabelgiji? Unajua atauliza nini? Atauliza nani alimudanganya. Na miye nitamutaja nani?"

Nilitazama wino wa ramani yangu, ulikuwa bado haujakauka.

"Basi," akasema, "tunasikilizana."

Hatukuwa tumesikilizana. Lakini niliichukua ramani yangu, nikaikunja, nikatoka. Kosa la tarehe lilikuwa letu wote, mimi na Kitenge na fundi aliyeondoka. La kutoka mle chumbani lilikuwa langu peke yangu. Nilijiambia nitatafuta njia nyingine, na kweli nilizungukazunguka: nikaenda kwa kamati ya lokaliti, nikaenda kwa mtu anayemjua mtu kwa Gavana. Kila mmoja aliniuliza kama Shefu wangu anajua nimekuja.

Kazi ya kuvunja waliifanya siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima. Jumamosi, jinsi tunavyoitwa siku zote kusafisha mitaro, tuliitwa kusafisha uwanja. Wafanyakazi wa ofisi wote tulivuka na majembe, na mbele wakaimba zile nyimbo za chama. Wenye nyumba walikuwa wametangulia kuondoa mabati na milango. Halafu wao pia wakapewa majembe, kwa sababu salongo ni ya kila mtu, na asiyefanya anaandikwa. Mjomba wako alianza na ukuta wa chumba ulichokuwa unalala. Alinitupia jicho nilipokuwa katika mstari.

"Yaya, simama upande ule," alisema. "Huku kuna vumbi."

Akarudi kwenye ukuta. Jumatatu alikuwa amekwenda Kampene na mke wake na mabati. Mkubwa kutoka Kinshasa hakuja. Uwanja haukusawazishwa.

Sasa nisikilize kidogo, halafu nitamaliza. Huko uendako utakuta mashini zenye saa ndani, hazikuulizi leo ni lini. Orodha zako zitakuwa sawa kuliko zangu. Siogopi tarehe za uongo kwa upande wako, naogopa zile sahihi. Tarehe ya faili inakuambia siku mtu aliigusa mara ya mwisho, amekaa, ofisini, pengine akiwa na usingizi. Haikuambii kama kuna aliyevuka mto kwenda kutazama. Ukinakili leo karatasi ya babu yako, mashini itaiita ya leo. Kwa hiyo ukishapata iliyo mpya kuliko zote, usiinuke kwenye kiti. Tafuta ndani yake nyumba ya mtu unayemjua. Kama hakuna hata mtu mmoja unayemjua pale, uliza nani alitembea.

Hayo ningeweza kukuambia kwa mdomo. Linalofuata siwezi.

Wiki hii watu wa mradi wameandika kwamba watakuja kukagua, walinganishe yaliyomo ndani ya mashini na ramani zilizosainiwa. Shefu aliniita. Akasema nilifungue lile tabaka la kiangazi na kuondoa nyumba zote za upande ule, nihifadhi juu ya ileile, na katika kila disketi yenye nakala nifanye hivyo.

"Shefu, nyumba hizo zilikuwepo."

"Na leo ziko?" akaniuliza. "Vuka uende uangalie. Ukikuta nyumba moja, iache."

Hilo lilinishinda, Feza. Hakuna nyumba pale. Ramani ya uongo imekuwa ya kweli, na majembe yaliyoifanya iwe ya kweli ni yetu. Nikamwambia kwamba kazi yetu haifanywi hivyo, kwamba tabaka la zamani linatunzwa na tarehe yake, na jipya linachorwa kando, ili mtu ajue palikuwaje. Hakubisha. Alivuta jalada lako la masomo akaliweka katikati ya meza. Karatasi yako ya safari ilikuwa juu, haijapigwa muhuri.

"Karatasi ya mutoto wako iko kwenye meza yangu," alisema. "Na kazi yangu iko kwenye meza yako."

Hakupandisha sauti. Aliniuliza hata ulifaulu vipi mtihani wa hesabu.

Nikaenda nikawasha mashini. Ilipouliza tarehe niliiandikia inavyotaka, mwezi kwanza, halafu siku. Mashini inaweza kufuta zote kwa mara moja, lakini mimi nilifuta nyumba moja moja, nikisema moyoni jina la mwenyewe. Nilidhani kufanya polepole ni heshima. Haikuwa heshima, ilikuwa polepole tu. Nilipomaliza niliendesha orodha yangu ya amri, na kwa mara ya kwanza tangu mashini ile iletwe, tarehe ya tabaka lililochaguliwa ilikuwa sahihi na matabaka yote yalikubaliana. Mchana akapiga muhuri karatasi yako.

Sikuambii ili uubebe mzigo huo. Hukuniomba, hukujua. Nilitaka ninyamaze, na siku mbili nimenyamaza. Lakini ipo siku utakutana na mjomba wako, na yeye atakuwa anajua, na nisingependa usimame mbele yake ukiwa mjinga. Pia huenda siku moja mtu ataliweka jalada la mtoto wako katikati ya meza. Sijui nikuambie ufanye nini siku hiyo. Ningekuwa najua, ningekuwa nimefanya mimi.

Jibu langu kwa Asumani liko tayari, limekunjwa kando ya karatasi hizi. Nimemwandikia hivi: "Ndugu yangu, nyumba yako ilikuwa kwenye ramani hadi wiki hii. Niliifuta mimi, kwa mkono wangu, na nilijua ninachofanya. Nilifanya ili Feza aende. Usirudi kwa ajili ya karatasi, haiko. Ukirudi kwa sababu ya kifua chako, chumba cha Feza kiko wazi." Sidhani atakuja. Kama hatakuja, sitamlaumu, na wewe usimlaumu.

Shefu ameniambia kwamba kesho atafika kituoni kukuaga. Atakuwa amevaa abakosi yake ya kijivu, ile suti ya watu wa chama, na atataka kukushika mkono mbele ya watu, kwa sababu wewe ni wa kwanza ofisi yetu kumpeleka Lubumbashi. Msalimie kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote, piga goti kidogo. Ukitaka, muulize habari za watoto wake. Lakini asante usimpe, mwanangu. Hiyo imekwisha kulipwa.

Mama yako